Gauni la Kwenda Kisiwani

Tarehe 3 Juni

Wifi yangu,

Keti kwanza. Umeketi? Haya. NIMEPATA KISIWA!

Si kile cha kwenye kalenda uliyobandika ukutani. Kile nimesikia siku hizi kuna muziki mpaka kunakucha, na watu wanapiga honi hata majini. Hiki changu ni kimya. Nimeambiwa na mteja wangu mmoja, mwalimu wa chekechea, mtu anayejua kelele ni kitu gani. Anasema siku zote alizokaa kule, sauti kubwa aliyoisikia ilikuwa ya nazi kuanguka. Nazi, wifi! Boti inakwenda mara mbili tu kwa wiki, ikishakushusha imekushusha. Nyumba ya wageni iko moja, ya mama mmoja anayeiendesha mwenyewe. Unatoka chumbani miguu mitupu, unakanyaga mchanga, unafuata mteremko, na bahari hiyo mbele yako.

Nimeshaandika kuulizia chumba cha vitanda viwili mwishoni mwa Agosti. Sikukuuliza kwanza kwa sababu nakujua. Ungesema "tuone", halafu "labda mwakani", na mwakani hiyo tunaisema tangu siku kaka yangu alipokuleta nyumbani kwa mara ya kwanza, ukakaa na mimi jikoni badala ya kukaa sebuleni na wakubwa, tukagundua kwamba wote wawili hatujawahi kulala mahali penye bahari. Unakumbuka? Tuliunguza wali kwa porojo, tukamsingizia yeye.

Mimi nataka kitu kimoja tu, kukaa bila kusikia cherehani. Hapa karakanani zinaunguruma tangu asubuhi, na nikienda kulala bado nazisikia masikioni. Wewe unataka nini? Niandikie. Usipige simu, maana kwa kelele hizi nabaki kusema "eeh? eeh?" mpaka salio linakwisha na hatujasalimiana.

Mwambie mumeo mapema asije akasema hakuambiwa. Akinuna, mwambie dada yake ndiye aliyeamua.

Wifi yako,
Fundi


Tarehe 14 Juni

Wifi yangu mpenzi,

Barua yako nimeisomea kwenye chumba cha mvuke. Nilipofika kwenye ile nazi nilipiga ukelele, msimamizi akaja mbio akidhani nimeungua na pasi. Nikamwambia, "Naenda kisiwani!" Akasema, "Nenda, lakini maliza mataulo kwanza." Maana yake likizo nimepata. Mwishoni mwa Agosti, imekubalika, imepigwa muhuri!

Unauliza nataka nini. Nitakwambia, na usinicheke. Nataka kulala kwenye shuka jeupe lililotandikwa na mtu mwingine. Miaka yote hii nafua mashuka ya wageni wa hoteli hii. Nayafua, nayapiga pasi, nayakunja, yanapanda juu kwa lifti, na mimi sijawahi hata kufika kwenye ghorofa yanakolala. Nataka niamke asubuhi, niliache shuka limejikunyata hivyo hivyo, nitoke nikaangalie bahari, nikirudi nikute kitanda kimetandikwa. Nani katandika? Sijui! Si mimi!

Nimeanza mazoezi ya kuogelea. Tuna beseni kubwa la kulowekea vitambaa vya meza, nikatumbukiza uso ili nijifunze kubana pumzi. Mwenzangu wa zamu akanivuta kwa kola kwa nguvu zake zote. Akaniketisha, akasema kama kuna jambo nyumbani linanisumbua tuzungumze. Nikamwambia ni likizo, hakuna jingine. Hakuamini, na tangu siku hiyo ananiletea chai.

Najua utanishonea gauni la kisiwani, basi usisahau lebo. Najua kwenye karakana yako lebo ya jina ni ya kuzuia nguo za wateja zisichanganyike, na mteja akichukua nguo yake unaifumua. Yangu umeniachia siku zote, MKE WA KAKA, kwa uzi mwekundu ndani ya kola. Huku wafanyakazi tunafua nguo zetu pamoja, na lebo hiyo wanaijua wote. Nguo ikizagaa utasikia, "Ya Mke wa Kaka hiyo, mpelekeeni."

Kaka yako hajambo, yuko njiani na lori lake kama kawaida. Kuhusu safari hana neno.

Kitu kimoja. Kuanzia sasa barua zako zitume hapa hotelini, Chumba cha Kufulia. Posta ya mtaani kwetu imekuwa ya ovyo sana.

Wifi yako (narudia, wifi yako),
Dobi


Tarehe 15 Juni

Kwa Dereva,

Sikuandikii kwa ugomvi. Tuliyoyamaliza tumeyamaliza. Wewe una mwenzako kule unakolaza lori, mimi nina chumba changu nyuma ya duka la matairi, na usingizi naupata.

Nina ombi moja. Usimwambie dada yako kwamba tumeachana. Si sasa. Ametupatia kisiwa, na barua yake ina furaha mpaka karatasi imetoboka kwa kalamu. Mimi na yeye hatuna damu moja. Mimi na wewe hatukujaliwa hata mtoto ambaye angemwita yeye shangazi. Kilichotuunganisha mimi na dada yako ulikuwa wewe, na wewe umeondoka. Akijua, mimi nitakuwa nani kwake? Mtu tu aliyewahi kuolewa na kaka yake. Mtu wa aina hiyo hapelekwi kisiwani.

Niache niende naye nikiwa wifi yake mara hii moja. Tukirudi nitamwambia kwa kinywa changu, na litakalokuwa na liwe.

Masufuria yangu sikuyafuata. Baki nayo.

Dobi


Tarehe 22 Juni

Kwako Dobi,

Nimesoma. Sitamwambia. Kwanza mimi mwenyewe namwogopa, wewe unajua. Tangu wadogo nikimdanganya ananitazama tu, naanza kutoa yote, hata ambayo hakuuliza.

Mwezi ujao nina mzigo wa kupeleka kule kwake, na lazima nipite karakana, nisipopita atajua kuna kitu. Nitakaa kidogo, nitasema nina haraka, nitaondoka. Nimejizoeza njiani.

Masufuria nimeyaacha kwa mlinzi wa hoteli. Ni yako. Mimi sistahili hata kifuniko.

Dereva


Tarehe 1 Julai

Wifiii!

Chumba kimepatikana! Mama mwenye nyumba kanijibu kwa mkono wake. Vitanda viwili, dirisha linatazama maji, na kaniuliza kama tunapenda kuamshwa asubuhi. Nikamwandikia: mama, atakayetuamsha tutamshtaki.

Boti ni tarehe 24 Agosti, saa nne asubuhi. Tukutane gatini, mimi nitatoka upande wangu na wewe upande wako, na atakayetangulia ashike nafasi kando, si katikati, maana nasikia wanaokaa katikati wanatapika. Aliyeniambia hajawahi kupanda boti, lakini alisema kwa uhakika sana.

Nimetushonea nguo za kuogelea. Usiogope, zina heshima zake, zinafika magotini. Zina mifuko pia. Fundi mwenzangu kaniuliza mifuko ya nini baharini. Nikamwambia nitajua nikifika, nikaiacha. Baadaye nikazijaribu kwenye pipa la maji la uani. Mifuko ilijaa maji, nguo ikanivuta chini, wakacheka mpaka mteja akadhani tumefunga kazi. Nimeifumua.

Gauni lako limeshakatwa. Rangi sikwambii. Vipimo vyako ninavyo kichwani, labda uwe umenenepa na hukunieleza. Na lebo ndiyo niliyoianza kabla ya kitu chochote, usiwe na shaka.

Siku haziendi, wifi. Nimeanza kuishuku kalenda kwamba inachelewesha kwa makusudi.

Wifi yako,
Fundi


Tarehe 12 Julai

Kwa kaka yangu Dereva,

Umeondoka mbio kabla sijamaliza kusema, kwa hiyo namalizia kwa barua, na hii huwezi kuikimbia kwa lori.

Ulidhani mimi nitatazama uso wako. Mimi nilitazama shati. Kifungo cha pili kutoka juu kimeshonwa na mkono nisioujua. Mkeo akishona kifungo anazungusha uzi chini ya kifungo kabla hajafunga fundo, kisimame, kipumue. Kila kifungo chako tangu mlipooana kimesimama. Hiki kimelala kimebanwa kwenye shati kama kidonge kilichokwama. Nikakuuliza, "Nani kakushonea hiki?" Swali dogo tu! Ungesema fundi wa njiani ningeamini. Wewe ukakaa juu ya marobota ya vitambaa ukaanza kulia, ukatoa mwanamke, ukatoa chumba cha nyuma ya duka la matairi, ukatoa masufuria.

Nimekasirika na nitakasirika mpaka mwakani, jipange. Lakini hilo ni kati yangu na wewe.

Sasa nisikilize. Umesema alikuomba usiniambie. Basi na mimi nakuomba, usimwambie kwamba najua. Thubutu! Yule nampenda kuliko nilivyowahi kumwambia. Miaka yote ndiye mtu ninayemwandikia kitu kinaponichekesha. Akijua kwamba najua, atasema, "Basi mimi si wifi yako tena, nenda na ndugu zako." Atasema kwa adabu, atanitakia safari njema, na sitampata tena. Wewe umempoteza kwa uzembe wako. Mimi simpotezi.

Shati liache nyumbani kwako. Nikiliona tena nitakikata hicho kifungo kwa meno.

Dada yako,
Fundi


Tarehe 20 Julai

Dada, shikamoo.

Nimeelewa. Sitamwambia yeye kwamba wewe unajua, kama nilivyomwahidi kwamba sitakwambia wewe. Sasa nina siri mbili, kila mmoja wenu kanipa ya kwake, na nikizitazama naona ni ileile.

Naendesha nikiongea na lori. Utingo wangu kaomba ahamishwe.

Kaka yako,
Dereva


Tarehe 28 Julai

Wifi yangu,

Kifurushi hiki hapa! Kifungue ukiwa umenawa mikono, huna sabuni ya bluu vidoleni. Gauni la kisiwani, refu kiasi cha kupepea na fupi kiasi cha kukanyaga maji. La kwangu ni kitambaa hichohicho, ila langu nimelipanua kiunoni kwa sababu nakusudia kula.

Nimemwandikia tena mama mwenye nyumba nimuulize kama mchanga ni mlaini. Kanijibu, "Mwanangu, ni mchanga." Nadhani nimeanza kumchosha.

Nimesafisha sanduku. Nimelipanga, nikalipangua, nikalipanga. Mafundi wenzangu wamenipiga marufuku kutaja neno bahari kabla ya saa sita mchana. Wewe je, umefunga? Beba kofia. Usibebe pasi! Nakujua, utaichomeka katikati ya nguo. Kisiwani hatunyooshi kitu. Tutakunjamana mpaka siku ya kurudi.

Na posta yenu ya mtaani bado ovyo? Pole, wifi. Posta nyingine ndivyo zilivyo.

Mwenye haraka na Agosti,
Fundi


Tarehe 6 Agosti

Kwako Fundi,

Gauni nimelipokea. Ni zuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa. Nililivaa hapa kazini juu ya sare, nikazunguka kati ya mashine, wenzangu wakanipigia makofi. Nilifurahi mno, sitakuficha.

Halafu nikageuza kola.

Mimi kazi yangu ni kusoma kola, wewe unajua. Lebo haipo. Haikusahaulika, maana nimeona matundu ya sindano yamezunguka pande zote, na kipande cha uzi mwekundu kimebaki kwenye pindo. Ilikuwepo, ikafumuliwa. Kwa hiyo unajua. Kaka yako amekwambia, au umejua kwa njia zako. Nikairudia barua yako, nikaona chini hukusaini "wifi yako". Siku zote unasaini hivyo.

Simlaumu mtu. Nilikudanganya, nikakwambia habari za posta. Niliogopa, Fundi. Nilitaka niende na wewe kisiwani kabla hujaanza kufikiri utaniita nani. Sasa umefikiri, na umenijibu kwa njia ya heshima, bila neno baya. Huku kwetu nguo ikitoka lebo huwa tunaiweka kwenye kapu moja kubwa pembeni ya mlango, la nguo zisizo na mwenyewe. Nimeelewa.

Safari nenda. Mtafute mtu wa kitanda cha pili, usikiache kitupu, umekingojea muda mrefu. Gauni nitalifua vizuri nikurudishie.

Asante kwa miaka yote. Nakuomba usinijibu kwa huruma.

Dobi


Tarehe 13 Agosti

Dereva,

Barua iliyomo ndani ya bahasha hii ni ya Dobi. Posta haiwezi kuifikisha kwa wakati. Wewe unaweza. Nimempa mwenzako mwenye lori la saruji, atakukuta njiani.

Geuza lori. Sijali umebeba nini. Umpe mkononi mwake, si mlinzi, si msimamizi, mkononi. Usipite kwa mtu wako. Usieleze kitu, kila ukieleza unaharibu.

Dada yako


Tarehe 13 Agosti

Wewe! Wewe mwanamke!

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Nimemfokea mteja asiye na kosa. Unarudisha gauni? Thubutu ulirudishe!

Sasa nisikilize, na usome mpaka mwisho, usiishie katikati ukaanza kulia.

Lebo nilikuwa nimeshaishona, MKE WA KAKA, kabla yule bwana hajaja na kifungo chake (atakueleza, au bora asikueleze). Baada ya hapo nikawa naitazama. Nikasema, nikiiacha, nitakuwa nimemvisha jina la mtu aliyemwacha, alibebe shingoni siku zote anazotaka kupumzika. Nikaifumua. Nikachukua kitambaa kipya nikaandika WIFI. Nikasema hapana, hilo nalo lazima lipitie kwa kaka, litamkumbusha. Nikafumua. Nikaandika DOBI. Nikasema hilo ni jina la kazi, huyu si mteja wangu. Nikafumua. Posta ilikuwa inakaribia kufunga, na mimi nimekaa na uzi mwekundu mapajani sijui nikuite nini. Nikafunga kifurushi hivyo hivyo. Nimeshona miaka yote hii na hiyo ndiyo nguo ya kwanza kutoka mikononi mwangu haijakamilika. Juu ya barua "wifi yangu" lilitoka kwa mazoea, lakini chini nilikwama vilevile. Nikiandika "wifi yako" niliona nakucheka, maana nilijua. Nikiacha kuandika, ndio hayo.

Umeyasoma matundu. Sawa, ndiyo kazi yako. Lakini safari hii umesoma vibaya.

Unasema uliniogopa. Na mimi nilikuwa nafanya nini tangu Julai? Najifanya sijui, nakuandikia habari za mifuko na mchanga, roho juu, nikiogopa usije ukasema, "Mimi si wifi yako tena, nenda na ndugu zako." Ndugu gani? Ninaye mmoja, na yeye anashonewa vifungo na mtu asiyejua kuzungusha uzi!

Mtu wa kitanda cha pili simtafuti. Ama kitanda kile kiwe na wewe, au kikae kitupu, nikitazame siku zote nikikasirika, na mama mwenye nyumba nimharibie amani yake.

Tarehe 24, saa nne, gatini. Lete gauni, hilo unalosema utalifua. Mimi naleta sindano, uzi, na kipande cha kitambaa. Neno sijalipata bado. Nitalipata.

Usiponiona wewe, mimi nakuona.

Fundi


Tarehe 16 Agosti

Fundi,

Barua imefika. Kaka yako alisimama mlangoni mwa chumba cha kufulia, vumbi tupu, kama mtu aliyetumwa kusoma mita. Nikamuuliza, "Kuna nini?" Akasema, "Nimekatazwa kueleza." Akanipa bahasha, akaondoka. Kumbe akikatazwa anaweza! Tungejua mapema.

Nimeisoma kati ya mashine mbili zikizunguka ili wasinisikie. Wamenisikia. Yule mwenzangu wa zamu kaniletea chai tena, safari hii nikainywa.

Gauni sikulirudisha. Nilishalifunga, nikalifikisha mpaka dirisha la posta, mhudumu akaniambia niandike jina la mpokeaji, nikaona hata mimi sijui nikuandike nani, nikarudi nalo nyumbani.

Nakuja. Nakuja! Kiti cha kando ni changu, wewe kaa popote. Na pasi nimeitoa kwenye sanduku, usiulize ilifikaje mle.

Dobi


Tarehe 28 Agosti

Kwa Dereva,

Nimeamua nikuandikie kutoka hapa kwa sababu ulipeleka barua, na kwa sababu dada yako yuko kwenye kiti cha kamba kando yangu anasoma kila ninachoandika na anasema bado hazungumzi na wewe.

Kisiwa kipo. Ni kama alivyosema yule mwalimu, kimya kabisa, na maji yana rangi ambayo kazini tungemwaga chupa nzima ya bluu tusiipate. Usiku wa kwanza dada yako hakulala. Aliketi kitandani akaniamsha akaniuliza mbona cherehani zimezimika. Nikamwambia ndicho ulichokuja kutafuta. Akasema, "Kumbe ndivyo kulivyo," akalala mpaka jua likawa juu.

Mimi nilifanya vibaya zaidi. Asubuhi ya kwanza niliamka, na kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimeshatandika kitanda, pembe nne zimekazwa kama za hotelini. Mama mwenye nyumba akaingia, akatazama, akalishika shuka akalivuruga lote mbele yangu. Akasema, "Hapa mgeni hatandiki. Nenda baharini." Nikaenda. Niliporudi kilikuwa kimetandikwa. Nilikaa pembeni nikakitazama, nikalia kidogo, dada yako akanicheka, nikacheka na mimi. Sasa kila asubuhi nakiacha kimevurugika kwa makusudi.

Kuogelea bado. Tunakaa pale maji yanapofika kifuani, tunashikana mikono, wimbi likija tunapiga kelele. Tumeambiwa na wavuvi kwamba tunawafukuzia samaki.

(Si kweli. Alisema mmoja tu, tena alikuwa anacheka. Ni mimi, Fundi. Na bado sizungumzi na wewe.)

Nikueleze la gauni, halafu nafunga. Siku ya pili dada yako alikaa barazani na sindano, akanipa mgongo, akashona muda mrefu. Akanipa gauni, akaenda kutazama bahari kama mtu mwenye shughuli kule. Nikageuza kola. Kwa uzi mwekundu ameandika neno moja: WANGU.

Nimelivaa tangu siku hiyo. Jana nililifua, nikalianika kwenye kamba ya nyumba pamoja na nguo za wageni wengine. Jioni mama mwenye nyumba akazianua zote, akaja nazo mikononi, akawa anauliza moja moja ni ya nani. Alipofika kwenye gauni akageuza kola akasoma, akakunja uso. "Hili limeandikwa WANGU," akasema. "Sasa ni la nani?"

Nilikuwa nafungua mdomo nijibu. Dada yako hakuinuka kwenye kiti, hata kofia hakuitoa usoni.

"Gauni ni la huyu," akasema. "Na huyu ni wangu."

Dobi